Tunapanga bila kuamua: kwa nini vurugu za nyumbani hurudi

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa vya kata yetu, mama zangu, dada zangu, akina baba na vijana mliokuja, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za asubuhi.

Mlinipa mada ya usafi wa nyumba. Niruhusuni niibane kidogo, maana kufagia na kupiga deki hakuna aliyekuja hapa kufundishwa. Nataka tuzungumzie jambo moja linalowachosha watu wengi kimyakimya. Nyumba inapangwa Jumamosi mpaka inapendeza, na ikifika Alhamisi ukiingia unadhani hapakuguswa kitu. Meza ya kulia imejaa. Kiti cha pembeni kimefunikwa na nguo. Juu ya friji kuna bili ya maji, chupa ya dawa ya kikohozi, bisibisi na tochi isiyo na betri. Tunajiambia kwamba sisi ni wavivu, au watoto hawana adabu, au msichana wa kazi hajui kazi. Jumamosi inayofuata tunaanza upya, safari hii kwa hasira.

Nimefundisha sayansi kimu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nyumba za watu nimeziingia nyingi, za kupanga na za kujenga. Sikubali kwamba tatizo ni uvivu. Wanaolalamika zaidi juu ya vurugu za nyumbani ndio hao hao wanaopanga kila siku. Mtu mvivu hachoki namna ile. Ninachokiona mimi ni hiki: tunapanga vitu ambavyo hatujaamua hatima yake. Na kitu ambacho hakijaamuliwa, ukikiweka popote, hakitulii.

Tufuatane na vitu vyenyewe siku ya Jumamosi. Karatasi zinatoka mezani zinaingia kwenye droo. Viatu vilivyobanduka soli vinatoka mlangoni vinakwenda uvunguni mwa kitanda. Feni iliyoungua inatoka kwenye kona ya sebule inakwenda stoo. Nguo zilizowabana watoto zinasokomezwa kwenye shangazi kaja, zipu inafungwa kwa shida, begi linapandishwa juu ya kabati. Sebule inapumua. Lakini hesabu kilichotoka nje ya mlango siku hiyo: mfuko mmoja wa taka za jikoni. Vingine vyote vimo ndani bado, vimehama chumba tu. Na kila kimoja kimehama na swali lake. Feni itatengenezwa au itauzwa chuma chakavu? Viatu vinakwenda kwa fundi lini, na nani atavipeleka? Zile nguo ni za mtoto atakayezaliwa au za binamu zake kule Kibaha? Hakuna aliyejibu, kwa hiyo wiki ikianza vitu vinaanza kutafuta njia ya kurudi. Mtu anahitaji begi la kusafiria, analishusha lile la juu ya kabati, anamwaga nguo kitandani, anaondoka. Mwingine anatafuta risiti, anaichambua droo yote juu ya meza, simu inaita. Tunasema vurugu zimerudi, kumbe hazikuwa zimeondoka.

Mnakumbuka Desemba 9, 2015, Rais Magufuli alipogeuza sherehe za Uhuru kuwa siku ya usafi nchi nzima, wakati kipindupindu kilikuwa kinatuandama. Baada ya hapo ikaja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Watu walijitokeza, mitaro ikazibuliwa, tope na chupa zikapandishwa juu. Na mmeshaona wenyewe yanayotokea pale tope lile linapoachwa ukingoni likisubiri gari la taka ambalo halikuja. Mvua moja tu, tope linarudi ndani ya mtaro. Nyumbani kwetu stoo, uvungu na juu ya kabati ndio huo ukingo.

Kabla sijaendelea, nitenge jambo moja ili tusije tukalaumu visivyo na hatia. Vipo vitu vinavyorudi mezani kwa haki yake. Mkasi unawekwa stoo kila Jumamosi na kila Jumatatu uko jikoni, kwa sababu kazi yake ipo jikoni: unafungua pakiti za maziwa. Madaftari ya watoto yanarudi mezani kwa kuwa mezani ndipo wanapoandikia. Nguo iliyovaliwa mara moja, ambayo haijachafuka ya kufuliwa wala haiwezi kurudi kabatini pamoja na safi, inatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na msumari ukijaa inakwenda kitini. Hapo mtu hajakosea, ila nguo ya namna hiyo haikupewa mahali. Ongeza misumari mitatu, au kamba moja chumbani, kile kiti utakipata kesho. Weka mkasi jikoni na uuache huko. Mambo haya yanakwisha kwa siku moja, wala sikuja kuyachukulia muda wenu.

Yaliyobaki ndiyo magumu, na ugumu wake unaanzia kwenye swali ambalo sisikii likiulizwa: anayepanga nyumba ni nani, na mwenye kauli juu ya vitu vya nyumba hiyo ni nani?

Kwenye nyumba nyingi za mjini anayepanga ni dada wa kazi, au binti mkubwa akirudi shule, au mama mwenyewe akitoka kwenye biashara yake. Tumchukue dada wa kazi. Anaokota chaja iliyokatika waya. Akiitupa, jioni baba ataiulizia, na itakuwa kesi. Akiiacha pale pale, mama atasema hajapanga. Njia pekee ya salama aliyonayo ni kuiweka mahali isipoonekana lakini itakapopatikana ikiulizwa. Ndiyo maana kila nyumba ina droo moja, au beseni moja, au ndoo ya rangi iliyokwisha, lenye chaja, rimoti za televisheni zilizokwishakufa, funguo zisizojulikana za kufuli gani, vifuniko vya vyombo ambavyo vyombo vyake havipo. Binti yule amefanya kazi yake kwa akili sana. Tumempa jukumu la kupanga bila kumpa ruhusa ya kuamua, naye amejilinda.

Mama naye ana mipaka yake, hata kama nyumba tunaiita ya kwake. Boksi la vipuri vya pikipiki iliyouzwa zamani ni la baba. Godoro lililosimamishwa ukutani ni la shemeji aliyehamishiwa Mwanza, alisema "niwekeeni kwa muda", na kumuuliza leo ni kama kumfukuza undugu. Sanduku la chuma ni la marehemu mama mkwe. Vitabu vya kidato cha nne ni vya mtoto aliyeko chuo. Mama anavifuta vumbi vyote hivyo, anavizunguka akifagia, anavihamisha mvua ikivuja, lakini hana kauli juu ya hata kimoja. Akina baba mliopo hapa, nawaomba mlisikie hili bila kuona nawashambulia, kwa sababu nalisema kwa kuujua uchovu huo.

Na uchovu huo hauko kwetu tu. Huko Los Angeles, Marekani, watafiti wa chuo kikuu cha UCLA walizifuatilia familia 32 kati ya mwaka 2001 na 2005, familia za watu wenye kazi na watoto. Waliingia majumbani, wakapiga picha, wakahesabu vitu. Robo tatu ya familia hizo gari halikuingia gereji, kwa sababu gereji ilikuwa stoo. Mwaka 2010 wawili kati ya watafiti hao walichapisha matokeo ya vipimo vya kotisoli, ile homoni ya mwili inayohusiana na msongo, ambayo kwa kawaida huwa juu asubuhi na kushuka kadiri siku inavyokwenda. Kwa wanawake walioieleza nyumba yao kwa maneno ya mrundikano na kazi zisizokwisha, homoni hiyo haikushuka vizuri. Kwa waume zao halikuonekana jambo la namna hiyo. Nyumba ni ile ile, vitu ni vile vile. Mmoja anapita, mwingine anaona kazi inayomsubiri. Mama akisema makorokoro yanamuumiza kichwa, msimwambie anakuza mambo.

Sasa tuje kwa wenye kauli. Kwa nini hawaamui? Hapa vijana wetu huwa wepesi kuwacheka wazazi, kwamba bibi anaweka makopo, babu anaweka misumari iliyopinda. Naomba mnyamaze kidogo mnisikilize, maana historia hii ni ya kwenu pia.

Mwaka 1978 na 1979 nchi yetu ilikuwa vitani Kagera. Bei ya mafuta ilipanda duniani, fedha za kigeni zikapungua, viwanda vikakosa malighafi. Miaka ya mwanzo ya 1980 sabuni ilikuwa ya foleni. Sukari ya foleni. Mafuta ya kupikia, kanga, betri, vyote vya foleni, kwenye maduka ya ushirika na ya RTC, yale makampuni ya biashara ya serikali ya mikoani, na ukifika mbele unaweza kuambiwa vimekwisha. Kuna waliofulia majani ya mpapai. Mwaka 1983 ikaja operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, na wapo waliotupa bidhaa vichakani usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Mtu aliyeishi miaka hiyo hakuona takataka katika kopo tupu. Kopo lilikuwa kikombe, lilikuwa kipimo cha mchele, fundi wa bati alilifanya koroboi. Kipande cha kanga kilichochanika kilikuwa nepi, kikawa kishikio cha sufuria, mwisho kikawa tambara la deki. Msumari uliopinda uligongwa ukanyooka ukatumika tena. Walioweka vitu waliziokoa nyumba zao, na sisi tulilelewa na mikono hiyo.

Halafu mlango ukafunguliwa. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, Mzee Mwinyi akaingia madarakani mwaka 1985 na watu wakamwita Mzee Ruksa. Mitumba ikaja kwa marobota. Baadaye zikaja bidhaa za plastiki na za umeme kutoka China, bei ya chini, kila mwezi aina mpya. Leo ukipita Karume au Tandika asubuhi robota linapofunguliwa, au ukizunguka Kariakoo mwezi wa Desemba, unaona wazi kwamba tatizo la vitu kutopatikana, kwa vitu vidogo vya nyumbani, limetuacha. Fedha ndiyo haitoshi, vitu vimejaa.

Lakini mazoea yetu ya kuweka yametoka wakati ule. "Akiba haiozi," tunasema. "Usitupe mbachao kwa msala upitao." Maneno ya hekima, nami siyapingi. Ila aliyesema hivyo alikuwa na mbacha mmoja, na msala ulipita mara moja kwa mwaka. Leo misala inapita kila siku, tunainunua yote, na mbacha bado tunao. Vitu vinaingia kwa kasi ya mwaka huu, vinatoka kwa kasi ya mwaka 1982. Hakuna namna ya kupanga itakayoshinda tofauti hiyo.

Na si kwamba kila anayeng'ang'ania kitu ameyapitia yale. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell. Nusu ya wanafunzi waligawiwa vikombe, nusu hawakupewa, kisha wakaulizwa bei. Waliopewa walitaka kuuza kwa bei inayofika mara mbili ya ile ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa. Kikombe hakikuwa na historia yoyote, wamekishika kwa dakika chache tu, na tayari kilikuwa "changu". Sasa fikiria kile kikombe alichokununulia mumeo mlipokuwa wachumba. Kumwambia mtu "tupa tu" ni maneno mepesi ya mtu asiye mwenyewe.

Nataka nikae kidogo kwenye vitu vinavyoingia kwa njia ya heshima, kwa sababu hivi vinatuhusu sisi tuliomo humu ukumbini.

Sare. Kitchen party ina sare yake, send-off sare yake, harusi sare yake, na upande wa bwana harusi rangi nyingine. Arobaini ina kanga zake. Machi 8 kila mwaka kikundi kinatoa fulana mpya au kitenge kipya. Kitambaa unanunua, fundi unalipa, unavaa siku moja. Hutaki kuivaa tena kwenye shughuli nyingine kwa sababu watu wameshaiona kwenye picha. Huwezi kuigawa, kwani mwenye shughuli ni ndugu yako. Inakunjwa. Nimeona kabati ambalo upande mzima ni sare za shughuli za wengine, na nguo za mwenye kabati ziko kwenye begi chini.

Kisha vyombo. Bibi harusi mmoja anapata hotipoti kiasi cha kulisha kijiji, chupa za chai, seti za glasi, mabeseni. Anavipanga kwenye kabati la vioo, anafunga kwa ufunguo, vinasubiri wageni. Miaka inapita. Familia inakula kwenye sahani zilizopasuka ukingo huku sahani nzima zikitazama kwa nyuma ya kioo. Kwa hili nina msimamo, na wenye maoni mengine mnivumilie: toeni vyombo vizuri mvitumie na watoto wenu, mpewe ruhusa ya kuvivunja. Vile vilivyopasuka ndivyo viondoke. Mtoto wako ni mgeni mkubwa kuliko wote watakaowahi kukaa kwenye sebule yako.

Hata sheria nzuri zinaweza kuleta mrundikano wake. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara, na mimi nilifurahi sana, mitaro yetu ilikuwa inakufa kwa zile rambo. Mifuko mbadala ikaja ili tuitumie tena na tena. Lakini tunakwenda sokoni mikono mitupu, tunanunua mwingine, na nyuma ya mlango wa jikoni kuna mfuko uliojaa mifuko. Dawa yake mnaijua, ni kapu. Kapu la ukindu lilitembea na mama zetu sokoni maisha yao yote na halikujaza nyumba.

Sasa mtu akishachoka na makorokoro, ushauri wa kwanza anaoupata ni kununua kabati jingine, au yale madebe ya plastiki yenye vifuniko, au shelfu ya kubandika ukutani. Naomba muwe waangalifu hapo. Kabati jipya linakuondolea swali la kuamua kwa miezi michache, linajaa, na sasa una vurugu ile ile pamoja na kabati. Nafasi ndani ya nyumba zetu ni ghali. Wengi wetu tunalala chumba na sebule, choo na korido tunachangia na wapangaji wenzetu. Kodi unayolipa ni ya kila hatua ya sakafu, na hatua kadhaa za sakafu hiyo umempangishia feni bovu.

Na humo kwenye chumba na sebule, tuwe wakweli, vipo vitu vingi ambavyo si makorokoro hata kama vinaziba njia. Madumu ya maji yapo kwa sababu maji yanakatika. Jiko la mkaa lipo karibu na mtungi wa gesi kwa sababu gesi inaweza kuisha katikati ya mwezi. Godoro la ziada lipo kwa sababu wageni wetu hawalali hotelini. Yeyote atakayekuja kukwambia ubaki na vitu vichache tu kama anavyoishi yeye, mwulize kwanza kwao maji yanatoka saa ngapi. Kitu chenye kazi inayojulikana na zamu yake inayojulikana ni akiba. Ninachokisema mimi ni kile ambacho ukiulizwa kinasubiri nini, huna jibu, au jibu ni "labda siku moja".

Tofauti hii ina uzito hasa nyuma ya nyumba. Dengi ilitupiga Dar es Salaam mwaka 2014, ikarudi kwa nguvu mwaka 2019. Mbu wake, anayeitwa Aedes, anauma mchana, naye hataki dimbwi chafu la mbali. Anataka maji yaliyotuama karibu na watu: kopo, ndoo iliyopasuka mdomo, tairi, kifuu, sufuria tulilosema tutalipeleka kwa fundi. Anabandika mayai kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri mvua. Kwa hiyo kumwaga maji tu hakutoshi. Chombo kinachobaki kisuguliwe ndani na kufunikwa, na kisicho na kazi kiondoke kabisa. Pipa la maji ya kutumia lina mfuniko na mwenyewe. Tairi la gari lililouzwa halina mwenyewe, na ndilo linalotuuguza.

Mtaniuliza, basi tufanyeje. Nimeanza kwa kusema tunapanga bila kuamua, kwa hiyo ninachopendekeza ni kutenga siku ya kuamua ambayo si siku ya kupanga. Na siku hiyo wenye kauli wawepo. Msiifanye Jumamosi yenye kufua na kupika. Baada ya chakula cha jioni inatosha, mkitoa droo moja tu, au begi moja la juu ya kabati, mkaliweka katikati ya mkeka. Baba yupo, mama yupo, watoto wapo. Kila kitu kinaulizwa mwenyewe ni nani, na mwenyewe anasema kinakwenda wapi na lini. Asiyetaka kuamua leo hapigiwi kelele, ila kitu chake kinakwenda upande wake yeye, kwenye nafasi yake, anakiona yeye. Nimeona mahali kwingi kwamba boksi la vipuri likishalala upande wa kitanda cha mwenye vipuri, uamuzi haukawii.

Mizigo ya ndugu ina simu yake. Mpigie shemeji kwa adabu, umwambie godoro linaliwa na panya, angependa lije kwa basi au apewe kijana gani wa kwenu? Mara nyingi utasikia ameshalisahau.

Karatasi zina utaratibu wake, na hapa msije mkasema mwalimu kasema tutupe. Hati za kiwanja na mikataba ya mauziano, vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya shule, kadi za kliniki za watoto, vitambulisho, risiti za kodi ya nyumba na za kikundi, vyote hivyo viwe kwenye bahasha moja isiyopenya maji, na watu wawili nyumbani wajue ilipo. Familia zimehangaika miaka mahakamani kwa karatasi moja iliyofungiwa maandazi. Ukishatoa hizo, utashangaa kilichobaki kwenye droo ni kidogo namna gani: vipeperushi, kadi za michango za harusi za watu ambao sasa watoto wao wanasoma.

Halafu kitoke. Sehemu hii ndiyo inayotushinda, kwa kuwa kitu kilichoamuliwa kikikaa mlangoni wiki moja kinarudi ndani. Njia za kutoka tunazo, tena zinapita zenyewe. Vijana wa vyuma chakavu wanapita. Wa chupa wanapita. Wa mali kwa mali wanapita na mabeseni wakitaka nguo, ingawa hao wanaweza kukurudishia mrundikano kwa sura mpya. Fundi viatu anakaa pale pale kila siku. Mkubaliane tu nani anashika jambo lipi na siku gani, na dada wa kazi aambiwe mbele ya wote: kilichoamuliwa hiki, akija wa vyuma, mpe, hakuna atakayekuuliza. Hiyo ruhusa iliyosemwa kwa sauti ina nguvu kuliko kabati lolote.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kigeni, kukaa mkekani mkijadili feni. Sikubaliani nao. Sisi tunao utaratibu wa kuamua juu ya vitu, tena wa zamani sana na wenye heshima kubwa. Mtu akifariki, siku ya kuanua matanga au baada ya arobaini, kila kabila na dini kwa namna yake, familia inakaa. Wazee wapo. Nguo zinatolewa, viatu, saa, redio. Huyu anapewa koti, yule anapewa kanga za mama, mirathi inashughulikiwa kwa sheria yake, cha kutolewa sadaka kinatolewa. Kwa siku moja au mbili vitu vya maisha mazima vinapata wenyewe, na watu waliokuwa hawawezi kugusa hata leso wanavigusa kwa upendo. Kinachowezesha ni kwamba siku imetajwa, wenye kauli wamekaa pamoja, na kila kitu kimepata mtu wa kwenda naye. Kwa nini utaratibu huu usubiri msiba? Koti ambalo mpwa wako atapewa umekufa, angelivaa leo akienda kuomba kazi, na wewe ungemwona amelivaa.

Nawaomba pia tusiwafanyie watoto haya kwa amri. Mtoto ambaye vitu vyake vinatupwa akiwa shule anajifunza kuficha. Mpe boksi moja la ukubwa unaojulikana, mwambie hili ni lako, likijaa utachagua kipi kitoke ndipo kingine kiingie, nami sitaligusa. Watoto wadogo wanaamua vizuri kuliko sisi wakishaaminiwa.

Nimalizie kwa jambo ambalo liko ndani ya uwezo wa kikao hiki leo. Nyumba moja moja haiwezi kujitoa kwenye sare peke yake. Atakayekuja na nguo yake ya kabatini ataonekana amesusa shughuli. Lakini kikundi kinaweza. Mwaka huu tunaweza kukubaliana kwamba Machi 8 tutavaa vitenge tulivyonavyo, chochote, na tofauti ya fedha iingie kwenye mfuko wa kukopeshana. Kwa kitchen party za wanachama tunaweza kukubaliana zawadi iwe fedha kwa simu au kitu kimoja kikubwa ambacho bibi harusi mwenyewe amekitaja, tukichanga wote, badala ya hotipoti kumi na mbili. Najua wapo mafundi cherehani na wauza vitambaa kati yetu, na riziki yao ipo humo, kwa hiyo wasikilizwe kwanza kabla ya kupiga kura. Fundi anaweza kupata kazi ya kuzigeuza sare za miaka iliyopita kuwa nguo za watoto na foronya, na kazi hiyo ipo tele kwenye makabati yetu.

Mheshimiwa mwenyekiti, nimemuomba katibu aiweke hoja ya sare kwenye ajenda baada ya chai. Walio na maswali kuhusu mirathi na karatasi nitakaa nao pale nje chini ya mwembe. Asanteni sana kwa kunisikiliza.